Matumaini Hayangoji Habari Njema

Wajukuu zangu, mimi nimechoka. Magoti yamechoka, macho yamechoka, na masikio yamechoka zaidi kwa kusikia vijana wa umri wenu mkisema maneno ambayo zamani tuliyasikia kwa mgonjwa aliyekwisha geukia ukuta. "Jajja, hii nchi basi tena." "Jajja, kusoma kote kule kulikuwa bure." Mmoja wenu ana shahada na anaendesha boda boda, steji yake Wandegeya, hapa Kampala. Mwingine ana mikopo mitatu ya simu, wa pili aliuchukua kulipa wa kwanza, na wa tatu kulipa wa pili. Siwalaumu. Agosti 2024 ule mlima wa takataka wa Kiteezi ulipoporomoka ukafukia watu pamoja na nyumba zao, nyinyi ndio mliokwenda kusaidia kutafuta, mkarudi hamtaki kula. Asiyeumia kwa jambo kama lile, sijui ana moyo wa namna gani.

Lakini kuna jambo moja nimekwisha kulisema na leo nalirudia, kwa upole, maana nguvu za kufoka sina tena. Mnangoja habari njema ije kwanza ndipo mtumaini. Mkiamka mnafungua simu, mnasoma, mnaona hamna kitu, mnalala tena. Hivyo sivyo matumaini yanavyopatikana. Matumaini ni kazi ya kila siku, ina saa zake, ina vifaa vyake, na mtu huifanya hata siku ambayo moyo umekataa kabisa.

Sikufika chuo kikuu. Nilikuwa karani wa reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili hiki mnachonisikia nacho nilikipata huko huko relini, kati ya Mbale, Tororo na Nairobi, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Mimi ni Mwislamu, mnanijua, na kwa rehema za Mungu nitakufa Mwislamu. Hata hivyo somo ninalowapa leo nimelipata kwa Wayahudi. Wengine wako mbali. Wengine ni wa kwetu Mbale, majirani tuliokopeshana nao chumvi.

Wa mbali ni Rabi Jonathan Sacks. Alikuwa Rabi Mkuu huko Uingereza kuanzia 1991 hadi 2013, akafariki Novemba 2020. Shangazi yenu aliyeko London ndiye aliyeanza kunitumia rekodi zake. BBC ilikuwa ikimpa nafasi asubuhi, katikati ya taarifa ya habari, dakika zisizotimia tatu. Watu wanapiga mswaki, wanatafuta funguo, mtoto analia, na yeye anachukua jambo la siku ile ile, kitu ambacho kila mtu amekisikia, anakiweka karibu na kisa cha Taurati, halafu anawaacha watu waende kazini. Ni desturi ya kale kwao. Taurati imegawanywa mafungu 54 ya kusomwa mwaka mzima, kila wiki Wayahudi sehemu nyingi za dunia husoma fungu moja, na mmoja wao husimama akaeleza kwa maneno machache fungu lile linasema nini na wiki tuliyo nayo.

Sacks alipenda kutofautisha watu wawili ambao sisi huwa tunawachanganya. Yuko anayeamini kwamba mambo yatatengemaa. Na yuko anayeamini kwamba yeye na wenzake, wakishikana, wanaweza kuyatengeneza. Yule wa kwanza akisoma gazeti baya anaanguka, kwa sababu imani yake yote ilikuwa gazetini. Wa pili gazeti likiwa baya anajua tu kwamba kazi imeongezeka. Nyinyi mmekuwa wa kwanza kwa muda mrefu, na magazeti yamewaangusha. Nawaomba muwe wa pili.

Najua mtakalosema: huyo alikuwa mtu wa London, mwenye cheo, kutumaini kwake kulikuwa rahisi. Haya, twende Nabugoye.

Mmepita pale mara nyingi tukienda kijijini, kilima kile kilicho nje kidogo ya mji wa Mbale, penye sinagogi. Wale ndio Abayudaya. Mwanzo wao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyezitwaa nchi za mashariki kwa ajili ya Waingereza, karne ya 19 ikiisha na ya 20 ikianza. Sisi Wagisu hatuna sababu ya kumwimbia sifa. Aliingia kwa bunduki, na wazee wangu walisimulia ng'ombe waliochukuliwa na mashamba yaliyogeuka mali ya watu wake. Hilo lisemwe, lisifichwe. Ni yeye pia aliyeuanzisha mji wa Mbale. Alitegemea kwamba kwa kazi yote ile Waingereza wangemfanya mfalme wa nchi za mashariki, awe na kiti kama cha Kabaka wa Buganda. Hawakumpa. Walimpunguzia mamlaka, wakampeleka Jinja miaka kadhaa kuongoza baraza la Busoga, kisha akarudi Mbale mtu aliyeamrisha maelfu, sasa amebaki na kilima, wafuasi wachache na uchungu.

Uchungu wa mtu mkubwa ni kitu cha hatari. Wangapi katika nchi hii wamenyimwa kiti wakaenda msituni na silaha! Kakungulu alikaa chini akasoma. Kwanza alijiunga na wafuasi wa Malaki, waliokataa dawa za hospitali na chanjo, na kwa hilo mimi siko naye hata kidogo. Kisha akazidi kuvisoma vitabu vya Musa kwa Kiganda. Alipofika kwenye tohara, mwaka 1919, akajitahiri, akatahiri na wanawe. Wenzake wakamwambia tohara ni mambo ya Wayahudi. Akajibu kwamba basi wao ni Wayahudi. Baada ya hapo alipita Myahudi mmoja mgeni, wao wanamwita Yusufu, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha sikukuu, kalenda na taratibu za nyama. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha kurasa 90 hivi cha sala na kanuni. Mwaka 1928 akafa. Hakuacha ufalme. Aliacha watu waliojua Ijumaa jioni wafanye nini, na hao ndio ninaotaka kuwaeleza.

Alipoingia Idi Amin madarakani, 1971, dini yao ilipigwa marufuku. Sinagogi zikafungwa. Waliokuwa karibu 3,000 wakaanza kupungua, wengine wakaingia Uislamu, wengine Ukristo, na mimi siwahukumu, maana wakati ule mtu alichukuliwa mchana kweupe na asionekane tena. Mwisho walibaki kama 300.

Mmoja wa hao waliobaki alikuwa jirani yetu, fundi baiskeli. Ijumaa mchana alifunga kibanda mapema. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba akisugua mikono kwa jivu na mchanga mpaka grisi itoke kwenye mistari ya viganja, akitumia kijiti kwa kila ukucha, taratibu, kama anayejiandaa kwenda kuposa. Halafu alivaa shati jeupe, lile moja alilokuwa nalo. Madirisha yalifungwa. Taa iliwashwa chini, pembeni, isionekane barabarani. Kisha walianza kuimba kwa sauti ya chini mno, sisi ng'ambo ya ua tulisikia tu kiganja kikipiga paja. Bibi yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akiongeza sauti ya redio yetu saa hiyo ili askari wakipita wasisikie kitu kingine. Hakuna aliyemwomba. Na wao hawakuwahi kulitaja, ila Jumamosi usiku, kiza kikishaingia, mkewe alituletea ndizi.

Siku moja, mwaka umekuwa mgumu, sukari hamna, sabuni hamna, nikamuuliza yule bwana: "Ndugu yangu, utafanya hivi mpaka lini?" Akanitazama kama nimemuuliza kitu kilicho wazi. "Mpaka Ijumaa ijayo," akasema.

Wajukuu zangu, jibu hilo mimi nimeishi nalo. Alikuwa hajui Amin atakaa miaka mingapi. Hakuwa na redio ya siri wala mjomba jeshini wa kumnong'oneza. Alikuwa na siku saba mbele yake na kazi ya kufanya mwisho wa siku hizo. Mnaponiambia hamwoni mbele, mnamaanisha hamwoni miaka kumi. Nani aliwaambia mtu anaonyeshwa miaka kumi?

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikombolewa, na redioni tukamsikia kamanda Oyite-Ojok akitangaza kwamba serikali ya Amin imeanguka. Jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo Wayahudi walianza Pasaka yao, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Askari wa Tanzania walikuwa hawajafika Mbale, walikuja baadaye na Kiswahili chao kitamu kilichotusahaulisha kile cha vizuizi vya barabarani. Lakini jirani yetu alifungua dirisha usiku ule ule. Sitaki mlichukue hili kama uchawi wa tarehe. Wangapi walisali miaka yote hiyo na hawakuifikia Aprili. Ninachosema ni kwamba siku ilipofika iliwakuta watu wanaojua nyimbo.

Na waliolisimamisha jambo tena, miaka ya 1980, walikuwa vijana. Vijana kama nyinyi, hawana kitu, wazee wao wametawanyika, viwanja vya ibada vina wenyewe wengine. Walianza kuishi pamoja, kulima pamoja, kudai kilima chao. Mambo mengine yalifuata kwa miaka. Mwaka 2002 marabi walikuja kutoka nje na mamia ya Abayudaya wakaingizwa rasmi katika dini hiyo kwa taratibu zake. Gershom Sizomu, aliyekuwa mmoja wa vijana wale, akasoma Los Angeles akahitimu urabi mwaka 2008, na 2016 akachaguliwa kuingia Bunge kwa jimbo la Bungokho Kaskazini. Zaburi wanazoimba kwa Kiganda zimerekodiwa, dunia inazisikiliza. Haya napita haraka, maana nyinyi mafanikio mnayapenda mno na mnaweza kudhani ndiyo somo. Somo liko kwenye jivu na mchanga.

Nieleze sasa kazi yenyewe inavyofanywa.

La kwanza ni shukrani. Myahudi anayeshika dini yake anatakiwa atamke shukrani mia moja kwa siku. Ameamka, anashukuru. Mkate una maneno yake, tunda la mti lina yake, lililoota ardhini lina yake, na ngurumo, na upinde wa mvua, na nguo mpya. Na ipo moja ambayo mimi naiheshimu kuliko zote. Inasemwa mtu anapotoka chooni. Msicheke, sikilizeni. Talmudi, kitabu cha mafundisho yao, inaitaja kwa jina la Abaye, mwalimu wa Babeli ya karne ya 4. Ndani yake mtu anamshukuru Mungu aliyemuumba kwa hekima akamwekea matundu na mifereji mwilini, akikiri kwamba tundu moja likiziba pasipotakiwa, au likifunguka pasipotakiwa, asingeweza kusimama mbele ya Muumba wake.

Rafiki yangu wa reli, mnayemwita Jajja wa Makindye, figo zake zimesimama. Anakwenda hospitali ya Kiruddu kusafishwa damu kwa mashine, anakaa saa nyingi na mipira miwili mkononi, damu ikitoka na kurudi mbele ya macho yake. Nikienda kumtazama huwa ananiuliza jambo moja tu, nanyi mtaona ni jambo la aibu: kama mimi leo nimekwenda haja ndogo vizuri. Nikisema ndiyo, anafurahi kweli, kwa ajili yangu. Yeye anajua thamani ya kitu mnachokifanya kwenye choo cha shimo cha Kisenyi mkiwa mmeshika simu na kunung'unikia harufu.

Mtaniambia, Jajja, shukrani haziletei mtu kazi. Hazileti. Lakini mtu asiyeona chema hata kimoja katika siku yake hana sababu ya kupigania kesho, na mtu huyo ndiye anayechukua mkopo wa tatu, ndiye anayeacha hela ya mafuta ya pikipiki kwenye kibanda cha kubeti mpira. Macho yamezoea kuona upungufu tu. Kuyafundisha kuona kingine kunataka mazoezi, na mazoezi hayangoji hamu. Mimi dawa ya presha nameza kila asubuhi bila kuuliza kama leo nina moyo wa kumeza. Kina Abaye waliweka idadi na nyakati kwa sababu hiyo hiyo. Sisi Waislamu tunayo alhamdulillahi yetu, tunaisema kwa ulimi mpaka imekuwa kama pumzi. Mkristo anayo yake. Chukueni mliyo nayo, lakini ikamateni kwenye kitu kimoja kinachoonekana: chapati na mayai mliyokunjiwa pale kwa mama wa kona, maji yaliyotoka bombani, abiria aliyelipa bila ugomvi.

Jambo la pili ni kusimama. Hapa ndipo mnaponipinga kila mara, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Sabato yao inaingia Ijumaa jua linapozama. Taa huwashwa dakika 18 kabla. London kuna taabu, maana Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri na Juni saa tatu usiku imeshapita ndipo lizame. Sisi Mungu ametupa ikweta. Kampala na Mbale, mwaka mzima, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni hivi. Hakuna haja ya jedwali. Kuanzia hapo hadi nyota zitoke Jumamosi, muda wa saa 25 hivi, anayeishika Sabato hanunui, hauzi, haandiki, hawashi moto, haendeshi chombo, hashiki simu.

Kuna kitu ndani yake ambacho watu wa pwani na sisi Waislamu tunakijua tangu utotoni ila hatukifikirii. Siku yao huanza magharibi. Kwetu pia usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishazama. Katika Taurati, siku za uumbaji zinahesabiwa jioni kwanza, asubuhi baadaye. Maana yake giza likiingia, mwenye hesabu hii hasemi siku imekwisha, anasema imeanza. Analala ndani ya siku mpya. Nyinyi mnahesabu kwa simu, siku yenu inaanza saa sita ya usiku mkiwa bado mnatazama kioo, hamjui ya jana imeishia wapi. Ndiyo maana mmechoka kabla ya kupambazuka.

Wewe wa boda boda, uliniambia siku hiyo moja ni hela ya siku nzima. Ni kweli, na mimi hela naiheshimu. Lakini nimekutazama Jumapili jioni ukirudi kutoka foleni ya Jinja Road, macho mekundu, mkono unatetemeka kwenye kikombe, na wiki ile ile ukagonga kioo cha gari la watu ukalipa zaidi ya siku mbili. Sisemi uwe Myahudi, wala Msabato. Nasema chagua muda, hata kama ni nusu siku, uufunge. Pikipiki ndani. Simu izimwe kabisa, iwekwe kabatini. Ule na watu. Ulale mchana bila kujitetea. Ikifika saa yake, uiage siku hiyo kama wanavyoiaga wao: wanawasha mshumaa uliosukwa, wananusa viungo, karafuu au mdalasini, eti roho isisononeke kwa kuachana na mapumziko. Karafuu mnayo jikoni. Dunia haitabomoka katika muda huo, na ukijua kwamba dunia inakwenda bila wewe kuisukuma, utairudia ukiwa na ujasiri zaidi.

La tatu ni watu. Zipo sala zao ambazo mtu hawezi kuzisali peke yake. Wanatakiwa watu wazima kumi. Baadhi yao huhesabu wanaume tu, wengine wote. Miongoni mwazo ni ile ya wafiwa, Kadishi, ambayo ndani yake kifo hakitajwi hata mara moja. Ni kumtukuza Mungu mwanzo mpaka mwisho. Mwana aliyefiwa na mzazi huisema miezi kumi na mmoja, na kila mara lazima watu kumi wapatikane. Yaani sheria imemkatalia mfiwa kujifungia chumbani. Akitaka kumwombea mama yake, hana budi atoke awatafute wenzake, na wenzake hawana budi wawepo.

Nitawapa mfano wa karibu. Mlizaliwa hospitali ya Mulago, wote wawili. Julai 1976, Dora Bloch, mama wa zaidi ya miaka 70, alikuwa amelazwa katika hospitali hiyo hiyo. Alikuwa miongoni mwa abiria wa ndege ya Air France waliotekwa wakashikiliwa Entebbe. Baada ya makomando wa Israeli kuwakomboa mateka wengine, watu wa Amin walimtoa kitandani wakamuua. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, baada ya Amin kuanguka, akazikwa Yerusalemu. Nawaambia haya ili msidhani wanaotumaini ni watu waliofichwa maovu ya dunia. Waliokaa miaka mitatu wakimngoja mama yao azikwe walikuwa na watu wa kusimama nao. Nyinyi mna vyumba viwili Kisenyi, kila mmoja na simu yake, na mwenzenu wa chumba cha tatu amefiwa na baba tangu mwezi uliopita mkajua kwa picha aliyoweka mtandaoni.

Najua pia kinachowachoma. Tangu Oktoba 2023 mmeniuliza, Jajja, wewe Mwislamu, unatuambiaje tujifunze kwa Wayahudi wakati Gaza watoto wanazikwa? Nimelia kwa ajili ya Gaza. Nimewalilia pia waliouawa na waliotekwa siku ile ya kwanza. Lakini sitamdai yule fundi baiskeli jirani yetu hesabu ya vita asivyopigana, kama nisivyotaka mtu anidai mimi hesabu ya kila bomu lililolipuliwa kwa jina la dini yangu, likiwemo lile la Kyadondo mwaka 2010 lililotuulia watoto wa watu wakitazama fainali ya mpira. Mkiniuliza mtu afanye nini wakati kama huu, nitawaambia habari ya kahawa.

J.J. Keki, mkulima na mwanamuziki wa Nabugoye, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001. Aliyaona yale mashambulizi. Angeweza kurudi Mbale na chuki, na wengi wangemwelewa. Mwaka 2004 alizunguka kwa miguu nyumba hadi nyumba kwenye miteremko ya mlima Elgon, akawaomba wakulima Waislamu, Wakristo na Wayahudi wauze kahawa yao pamoja badala ya kila mmoja kunyonywa na mlanguzi peke yake. Ushirika wakauita Mirembe Kawomera, amani tamu. Kampuni moja ya California ikawa inanunua. Uongozi wakagawana. Mche wa kahawa ya arabika unataka miaka mitatu minne kabla haujatoa cha kuvuna, na miaka hiyo yote unapalilia tu, unaweka samadi, unakagua majani. Muumini wa dini moja akapalilia karibu na wa nyingine mpaka matunda yakaiva. Hawakutatua Mashariki ya Kati. Walilipa karo za shule.

Sasa nimekwisha kusema mengi na kifua kimekauka. Ijumaa hii mje hapa kwangu kabla ya saa kumi na mbili na nusu, mpitie soko la Owino mchukue karafuu kidogo, ya shilingi 1,000 inatosha. Mje na yule kijana aliyefiwa. Simu tutaziweka kwenye kabati la bibi yenu, ufunguo nitaushika mimi mpaka Jumamosi nyota zitoke. Na Jumapili asubuhi, wewe mwenye mikopo, lete karatasi zote, kila ujumbe waliokutumia, na riba zake. Tutaziandika kwa kalamu, ipi ya kwanza, ipi isubiri. Pensheni ya reli mnaijua ni ndogo, lakini ule mkopo mdogo kabisa naweza kuumaliza mwezi huu, halafu mwezi ujao tutautazama wa pili.